Mkeka Umechanika kwa Mechi Moja

(Hotuba ya mwalimu wa hisabati kwenye mkutano wa wazazi wa shule moja ya sekondari, Manispaa ya Morogoro. Imeandikwa kutoka kwenye sauti iliyorekodiwa na kupunguzwa kidogo.)

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi. Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wa kidato cha tatu na cha nne mliopangwa kule nyuma, hamjambo? Barua ya mwaliko ilisema nije nizungumze na wazazi kuhusu vijana. Nikaomba vijana nao wabaki, kwa sababu kwenye mambo ya kubeti, wataalamu wa ukumbi huu wamekaa kule nyuma.

Wazazi, nani anakijua kindege? Naona mikono mitatu, minne. Wanafunzi, ninyi msinyooshe, nimeshawaona mnavyotazamana.

Haya, tuwaeleze wazee. Kindege ni mchezo wa simu, jina lake rasmi Aviator, na umeanza mwaka 2019. Kwenye kioo unaona kandege kanapaa, na namba inapaa nako: 1.00, 1.30, 1.90, 3, 5. Umeweka shilingi 500. Ukibonyeza kutoa namba ikiwa imefika 2, unapata 1,000. Ukitamani zaidi ukasubiri, ndege inatokomea ghafla na 500 yako imekwenda nayo. Mzunguko mmoja ni wa sekunde chache, kisha unaanza mwingine. Hakuna timu, hakuna mwamuzi, hakuna kusubiri Jumamosi. Mtoto anaucheza chini ya shuka saa nane usiku, na wewe upo chumba cha pili unadhani amelala.

Kamari ya zamani ilikuwa na mahali pake. Wacheza karata walikuwa na kichochoro chao, mtaa mzima ukikijua, na mtoto akionekana kule habari zinamfika mama kabla yeye hajarudi nyumbani. Hii ya sasa haina kichochoro. Ipo kwenye simu ile ile unayomtumia nauli na anayopokelea notisi za Baiolojia.

Nimekuja na jambo moja. Tumewaambia watoto wetu kamari ni haramu, ni dhambi, ni ujinga, ni umaskini. Yote hayo sawa, sina ugomvi na sheikh wala mchungaji. Lakini hatujawahi kuwafungulia mashine tukawaonyesha ndani inavyozunguka. Na mtoto wa miaka 16 ukimwambia kitu ni kibaya bila kumwonyesha kinavyofanya kazi, anakwenda kukichunguza mwenyewe, kwa hela ya chakula.

Basi tuifungue.

Tuanze na mpira, kwa sababu ndiko wengi wanakoanzia. Mnajua odds, zile namba tatu zinazoandikwa kwenye kila mechi. Tuseme Simba na Yanga wanakutana, na kampuni fulani imeandika 2.10 kwa Simba kushinda, 3.20 kwa sare, 3.40 kwa Yanga. Watani msinirushie viatu, namba nimezitunga mimi, mkitaka mzigeuze. Maana ya 2.10 ni kwamba ukiweka 1,000 Simba akashinda, unalipwa 2,100.

Sasa tufanye kitu ambacho mbetiji wa kawaida hakifanyi. Tuweke hela kwenye matokeo yote matatu, tuzigawe ili itokee lolote tulipwe 1,000 kamili. Kwa Simba unahitaji kuweka 476. Kwa sare, 313. Kwa Yanga, 294. Wa nyuma, jumlisheni. Ngapi? 1,083. Umelipa 1,083 ili upate 1,000 kwa uhakika. Ile 83 imekwenda wapi, na mpira haujaanza hata kupigwa?

Hiyo 83 ndiyo kazi ya kampuni. Haihitaji kupanga matokeo. Haihitaji kumhonga mwamuzi. Vijana wengi wakiliwa wanasema "mechi imepangwa", wakidhani mchezo ungekuwa safi basi wao wangeshinda. Mchezo ukiwa safi kabisa, 83 bado ipo. Na mbetiji hawezi kuiona, kwa sababu haiandikwi popote kama makato. Mtandao wa simu ukikukata 300 kutuma pesa unalalamika wiki nzima. Huku unakatwa kwenye bei yenyewe, wala hupati ujumbe.

Halafu kuna mkeka. Mzazi usiyejua: mkeka ni mechi nyingi zilizofungwa pamoja, mbili, tano, kumi, ishirini. Zote zitoke ulivyosema ndipo ulipwe. Odds zinazidishwa moja kwa nyingine, kwa hiyo kwa shilingi 500 unaona pale chini pameandikwa laki mbili, laki tano, milioni. Ndio mchezo wa asiye na hela, na wanafunzi hawana hela.

Kinachofichika ni kwamba odds zinapozidishwa, na makato yanazidishwa. Kwenye mechi moja ya mfano wetu, kila 100 inayowekwa inarudi wastani wa 92. Funga mechi kumi za namna hiyo kwenye mkeka mmoja, halafu chukua 0.92 kumi, uzizidishe zenyewe kwa zenyewe. Nimewafanyia nyumbani: kwa kila 100 inabaki kama 43. Yaani mkeka mrefu, kwa wastani, umeshapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake siku unapousuka. Ndiyo maana kampuni zinatoa bonasi kubwa zaidi kwa mkeka mrefu zaidi. Zinajua zinachokifanya.

Na jakpoti? Mwaka 2017 kijana mmoja wa Kenya alishinda shilingi za kwao milioni 221 kwa kubashiri mechi 17. Ni kweli ilitokea, ilitangazwa kote. Vijana mnapoonyeshwa ile hundi kubwa kama mlango, fanyeni hesabu hii: mechi 17, kila moja na matokeo matatu, 3 kumi na saba ukizizidisha zenyewe kwa zenyewe ni mikeka tofauti 129,140,163. Ukijaza mmoja kila sekunde bila kulala, utamaliza baada ya zaidi ya miaka minne. Anayejua mpira anapunguza kidogo, hilo nakubali, timu hazilingani. Anapunguza kutoka mlima hadi mlima.

Hadi hapo ni hesabu, na mimi kama mwalimu wa somo hilo ningependa kuishia hapa, nipigiwe makofi, nirudi nyumbani. Bahati mbaya kuna utafiti unaonisuta. Kule Kanada, Chuo Kikuu cha Lethbridge, Robert Williams na Dennis Connolly waliwafundisha wanafunzi wa takwimu hesabu hasa za kamari, kisha wakawafuatilia. Matokeo yao yalitoka 2006. Wanafunzi wale walizielewa hesabu vizuri kuliko wenzao. Waliendelea kucheza kama kawaida.

Walimu wenzangu, tulimeze hilo. Kijana anaweza kupata A ya Hisabati na bado akabeti ada. Mimi mwenyewe nina wanafunzi wa namna hiyo, wanaoelewa uwezekano kuliko mtu yeyote darasani, na ndio wanaowasukia wenzao mikeka. Hesabu inakwambia nini kitatokea kwa watu elfu. Mchezo unachezewa kifuani mwa mtu mmoja.

Kwa hiyo lazima tufundishe na cha kifuani. Hapa ndipo nitakaa kidogo.

Neno gani mnalisikia sana kutoka kwa kijana aliyeliwa? Hasemi "nimeliwa". Anasema "mkeka umechanika kwa mechi moja". Tisa zimetoka, moja imeharibu. Utamsikia anaisimulia mechi hiyo moja siku tatu: dakika ya 93, penalti ya hovyo, kipa hakuona mpira. Anaamini alikuwa amefika. Na mtu anayeamini amefika hawezi kuacha.

Tuipime imani hiyo. Chukua dadu, hili la ludo. Tuseme 1, 2, 3 na 4 ni mechi imetoka; 5 na 6 mechi imeharibu. Yaani kila mechi ina nafasi mbili kati ya tatu za kutoka, mechi ya uhakika kiasi, ile mnayoiita ya "kuokota". Rusha mara kumi. Huo ni mkeka wa mechi kumi.

Mikeka 1,000 ikirushwa hivyo, hesabu inasema inayotoka yote kumi ni kama 17. Inayochanika kwa mechi moja tu ni kama 87. Mara tano! Kwa kila mmoja aliyeshinda, wapo watano wanaosema "nilibakiza moja". Hakuna kipa mbovu humo. Hakuna dakika ya 93. Ni dadu, halijawahi kuangalia mpira. "Nilikaribia" ni kitu ambacho mkeka mrefu unakizalisha kwa wingi kwa umbile lake, na ndicho kinachouza mkeka wa kesho.

Ubongo nao unashirikiana na mkeka. Mwaka 2009, Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipiga picha za ubongo za watu wanaocheza mashine ya kamari. Mtu alipokosa kwa kidogo, sehemu zile zile za ubongo zinazowaka anaposhinda nazo zikawaka. Mkononi amekosa, kichwani amepokea nusu ya ushindi. Na hamu ya kuendelea ikapanda kuliko alipokosa waziwazi.

Kuna la pili la kifuani, na hili ni la kindege zaidi. Pale juu ya kioo wanakuwekea safu ya matokeo yaliyopita: 1.2, 1.05, 1.4, 1.1, 1.3. Kijana anaangalia anasema: imetoka midogo mingi, sasa inakuja kubwa. Huu ugonjwa ni wa zamani. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, gurudumu la ruleti lilitua kwenye rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu wazima, matajiri, wenye suti, kadiri nyeusi ilivyojirudia ndivyo walivyozidi kumwaga mamilioni kwenye nyekundu, kwa hoja kwamba sasa imetosha, lazima nyekundu ije. Gurudumu halikumbuki. Ndege nayo haikumbuki. Ile safu imewekwa pale ili wewe ukumbuke kwa niaba yake.

Watengenezaji wa mchezo huo hutangaza kuwa unarudisha asilimia 97. Vijana hupenda kuniambia hivyo: "Mwalimu, wanachukua tatu tu." Tatu kwa kila mzunguko, mwanangu. Weka 500, cheza mizunguko miwili kwa dakika, saa moja ni mizunguko 120. Umezungusha shilingi 60,000. Asilimia tatu yake ni 1,800. Na kijana aliingia na 2,000 kwenye simu. Wastani huo una wanaotoka na faida na wanaoishiwa ndani ya dakika kumi, lakini mwelekeo wa mto ni huo. Kasi ndiyo inayokula, asilimia ni chambo.

Sasa yupo anayeleta dawa. Kwenye Telegram, kwenye vikundi vya WhatsApp, kuna watu wanauza "mechi za uhakika" na programu za "kutabiri kindege". Vijana, tumsaidie mmoja wetu kufungua biashara hiyo, mtaona ilivyo rahisi. Tafuta namba za watu 800. Mechi ya kwanza, watu 400 waambie magoli yatazidi mawili, 400 waambie hayazidi. Nusu umewapatia, waliobaki waache. Hao 400 wagawe tena, 200 na 200. Kisha 100. Kisha 50. Kisha 25. Baada ya mechi tano una watu 25 ambao wameona kwa macho yao umebashiri tano kwa tano bila kukosea. Waambie ya sita ni shilingi 20,000 kila mmoja. Umeingiza 500,000 na mpira huujui hata kidogo. Nimeona macho ya baadhi yenu yanang'aa. Niseme wazi kuwa huo ni utapeli na sheria inao mkono.

Wazazi, turudi kwenu, maana mpaka hapa mmekaa mkicheka kama hayawahusu.

Sheria ya nchi yetu inasema chini ya miaka 18 haruhusiwi. Ipo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ipo tangu 2003, na kampuni zenye leseni zimebanwa na sharti hilo. Jirani zetu Uganda walikwenda mbali zaidi; sheria yao ya 2016 iliweka miaka 25. Kenya mwezi Aprili 2025 walisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Serikali zinahangaika. Lakini nani anamfungulia mtoto akaunti? Laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Mtoto hana NIDA. Basi ile laini anayobetia ni ya mama yake, ya kaka, ya mjomba aliyekuja likizo. Kwenye kumbukumbu za kampuni anayecheza kindege saa nane usiku ni mama wa miaka 45, mfanyabiashara wa mbogamboga Soko Kuu. Umri umehakikiwa, kila kitu kiko sawa kisheria. Tukija kulalamika kwamba kampuni zinawachezesha watoto, wataleta alama zetu za vidole.

Na tusijifanye hatujui wanakojifunzia. Watani wetu wa jadi, Simba na Yanga, mwaka 2017 wote wawili walivaa jina la kampuni moja ya kubeti kifuani. Mwezi Julai mwaka huo huo kampuni hiyo hiyo ikaileta Everton Dar es Salaam, ikacheza na Gor Mahia, Wayne Rooney akafunga goli la mbali, tukafurahi, mimi nikiwamo. Mtoto aliyekuwa na miaka saba siku ile, leo yupo kidato cha tatu. Amekulia ndani ya jezi. Kwake kubeti na mpira ni kitu kimoja, hajawahi kuviona vimetengana. Uingereza, klabu za Ligi Kuu zenyewe zilikubaliana mwaka 2023 kwamba jina la kampuni ya kamari litoke mbele ya jezi baada ya msimu wa 2025/26. Mbele tu, mkononi na ubaoni kando ya uwanja limebaki. Huku kwetu sijasikia hata mjadala.

Halafu yupo baba anayemwambia mwanawe "acha upuuzi huo", na jioni anamtuma: "Hebu niangalizie Arsenal wametoka vipi, nina mkeka." Siwezi kukusaidia, baba.

Kwa nini nahangaika na umri? Mwaka 2024 jarida la kitabibu la Lancet Public Health lilichapisha ripoti ya tume iliyokusanya tafiti za dunia nzima. Ilikadiria watu wazima wapatao milioni 80 wana ugonjwa wa kamari. Ugonjwa, nimesema, Shirika la Afya Duniani linautambua hivyo na umo kwenye orodha yake. Lakini namba iliyonikalisha chini ni ya vijana. Kati ya vijana wadogo wanaocheza kasino na sloti za mtandaoni, ilikadiriwa asilimia 26 wanafikia kiwango cha ugonjwa. Kwa watu wazima wanaocheza vitu hivyo hivyo ni asilimia 16. Kwenye kubeti michezo, vijana ni 16, wakubwa ni 9. Mchezo ule ule unamkamata mtoto haraka zaidi, kwa sababu sehemu ya ubongo inayosema "ngoja kwanza" huendelea kukomaa mpaka kwenye miaka ya ishirini na kitu. Breki hazijafungwa bado.

Dalili utazionaje? Wataalamu wana orodha ndefu, mimi nitawapa za nyumbani. Kijana anayedaiwa na wenzake vihela vidogo vidogo, kila mtu 1,000, kila mtu 2,000. Simu iliyouzwa na kusemwa imeibiwa. Bando linaisha na hakuna picha wala wimbo uliopakuliwa. Na hii ndiyo ninayoipenda: mwezi Juni, ligi kubwa za Ulaya zimefungwa, mtoto hajawahi kufika hata Chalinze, lakini anajua nani anaongoza ligi ya Finland na kwamba timu fulani ya Iceland haifungwi nyumbani. Kule wanacheza mpira wakati wa kiangazi chao. Mtoto hana mapenzi na Iceland. Anatafuta mechi ya kubetia.

Ukishagundua, fimbo itakuja yenyewe mkononi, najua. Mkichapana atakachojifunza ni kufuta ujumbe. Anza na fedha. Kaa naye mezani, fungueni pamoja historia ya miamala, iwe M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa, au Mixx by Yas ambayo wengi bado tunaiita Tigo Pesa. Mpe karatasi, aandike mwenyewe safu mbili: iliyoingia kwenye kampuni ya kubeti na iliyorudi, miezi mitatu. Usimjumlishie wewe. Mbetiji anakumbuka ushindi wake wote na tarehe zake. Hasara zinapotea kwa sababu ni ndogo ndogo na nyingi. Akiziona zimepangana kwa mwandiko wake, mazungumzo yanayofuata ni tofauti kabisa.

La madeni nalo. Mzazi kwa aibu analipa deni kimyakimya ili jina la nyumba lisichafuke. Mara ya kwanza inaeleweka. Ukilipa kila mara bila yeye kujua kiasi na bila kuchangia hata kwa kuosha vyombo vya mgahawa wa shangazi yake, umekuwa bima ya kampuni ya kubeti. Na ulizeni kama amekopa kwenye zile programu za mikopo za simu. Benki Kuu ilizitaja 69 mwezi Novemba 2024 kuwa hazina leseni, zile ambazo ukichelewa kulipa wanampigia kila mtu aliyemo kwenye simu yako. Kijana mwenye deni la kubeti na deni la namna hiyo yupo mahali pabaya, na aibu yake inaweza kumfikisha pabaya zaidi. Huyo usimwache peke yake. Mpeleke kitengo cha afya ya akili, hospitali ya mkoa, kama ambavyo ungempeleka kwa malaria.

Mkuu wa Shule ameniuliza kabla ya mkutano kama ni vyema kufundisha haya shuleni, isije tukawa tunawafundisha kubeti wasiojua. Ni hofu ya haki. Jibu langu ni kwamba somo la uwezekano lipo tayari kwenye muhtasari, tunafundisha kwa mipira myekundu na ya bluu kwenye mfuko. Sijawahi kukutana na mtu maishani akanidai nimtolee mpira wa bluu mfukoni. Mkeka nakutana nao kila siku. Tuwape mfano ambao upo mtaani, na tuwape mapema, kidato cha kwanza na cha pili, kabla ya ushindi wa kwanza. Maana aliyekwisha kushinda 40,000 mara moja ana ushahidi wake mfukoni, na mimi na chaki yangu nitamshinda kwa shida.

Nimezungumza kupita muda niliopewa. Mwalimu wa zamu ana mfuko wa dadu pale mlangoni. Naomba kila mzazi akae na mwanafunzi, si lazima awe wa kwake, na ikiwezekana asiwe wa kwake. Kila mmoja arushe mara kumi, 1 hadi 4 imetoka, 5 na 6 imeharibu. Waliopata kumi zote waandike jina ubaoni upande wa kushoto, waliochanikiwa kwa moja waandike kulia. Baba pale mbele, mwenye mkeka wa Arsenal, anza wewe.